Shajara ya Mradi: Bamvua ya Saa Saba na Kusi Itokayo Lamu

Jumatatu, 19 Mei

Leo tumeanza rasmi maandalizi ya siku ya mawasilisho ya utafiti wa wanafunzi wetu wa sayansi ya anga na bahari, itakayofanyika Jumamosi ya tarehe 21 Juni katika ukumbi mdogo tuliokodi Kizingo, Mombasa. Wawasilishaji ni watano, wote wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, na kila mmoja amepewa dakika 12 za kuzungumza na dakika 3 za maswali. Nimejitolea kuandika shajara hii kwa sababu mwaka jana tulimaliza bila kumbukumbu yoyote ya makosa yetu, na safari hii tumekwisha kuyarudia mawili kabla ya adhuhuri: tumelipia ukumbi bila kuuliza kama una mapazia ya kuzuia mwanga, na barua za mwaliko zimetoka zikiwa na tarehe ya mwaka uliopita.

Sitawataja wanafunzi kwa majina, bali kwa mada zao. Maji anachunguza kujaa na kupwa kwa bahari katika bandari ya Kilindini, akitumia kumbukumbu za kipimo cha maji zinazoanzia mwaka 1986. Upepo analinganisha pepo za msimu, yaani kusi itokayo kusini na kaskazi itokayo kaskazini, na mkondo wa bahari unaopita mbele ya mwamba wetu. Vuli anashughulika na mvua za Oktoba hadi Desemba na joto la Bahari ya Hindi. Matumbawe anafuatilia miaka ambayo matumbawe ya pwani yetu yalipauka, na Kimbunga anajibu swali ambalo kila mtu hapa aliuliza mwezi wa Mei mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipofika Kisiwa cha Mafia: je, kimbunga chaweza kufika Mombasa?

Masharti mapya ni mawili. La kwanza ni kwamba kila wasilisho litolewe kwa Kiswahili, ingawa tasnifu zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza. La pili ni kwamba zoezi la kwanza lifanyike mbele ya wavuvi, dikoni wanakofikisha vyombo vyao, wala si mbele ya walimu. Mwenzangu mmoja alipinga kwa adabu, akisema wavuvi watauliza bei ya petroli na hakuna mwanafunzi atakayeweza kuijibu. Nilimwambia kwamba hata mimi siiwezi.

Ijumaa, 23 Mei

Tulikaa saa mbili juu ya istilahi, na jambo lililonishangaza ni jinsi kazi ilivyogawanyika. Kwa Maji hatukubuni neno hata moja: bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku za kujaa na kupwa kidogo), kujaa na kupwa, yote yapo na yana maana kamili kuliko tafsiri za vitabuni. Kwa Upepo hali ilikuwa hivyo hivyo, kwa kuwa kusi, kaskazi, matlai na umande ni majina ya pepo ambayo bibi yake anayatumia jikoni. Ugumu ulikuwa kwa Vuli, aliyehitaji neno la kiwango ambacho joto la bahari huzidi au hupungua kuliko kawaida ya mwezi husika. Nilipendekeza "mkengeuko", wanafunzi wakasema neno hilo linasikika kama kosa la barabarani, wakachagua "tofauti na wastani", nami nikakubali kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kimbunga ameamua kusema "nguvu ya Koriolisi", yaani jinsi mzunguko wa dunia unavyokipinda kitu kinachosafiri, na kuieleza kwa mkono wake mwenyewe akizunguka ukumbini. Tutaona.

Jumatano, 28 Mei

Nimepokea rasimu za slaidi. Maji analeta slaidi 31 kwa dakika 12. Matumbawe ana 9, na ndiye pekee aliyeanza na swali. Wengine wote wameanza na ramani ya Afrika, wakasogea hadi Kenya, kisha pwani, kisha Mombasa, kana kwamba wasikilizaji wamekuja na ndege usiku wa jana. Nimewataka wazifute ramani hizo.

Rasimu ya Vuli ilistahili muda zaidi. Ameeleza vizuri kwamba tangu mwaka 1999, watafiti walipoichambua na kuipa jina Dipoli ya Bahari ya Hindi, imefahamika kuwa upande wa magharibi wa bahari ukipata joto kuliko kawaida na upande wa Sumatra ukapoa, mawingu na mvua husogea kwetu. Na kwamba mwaka 1997 na mwaka 2019 hali hiyo ilikuwa na nguvu sana, na Afrika Mashariki ikapata mafuriko. Kwa upande wa pili ameweka mwaka 2010 na mwaka 2016, ambapo dipoli iligeuka na vuli ikawa haba. Hapo alipaswa kusimama. Badala yake amechora mstari mnyoofu kupitia nukta nne na kuandika kwamba "mvua ya Mombasa yaweza kutabiriwa". Nilimuuliza kwa nini amechagua nukta nne na hali data yake ya mvua inaanzia mwaka 1981. Akasema hizo ndizo zilizokaa vizuri kwenye mstari. Nilimshukuru kwa ukweli wake na kumrudisha akachore miaka yote.

Jumanne, 3 Juni

Kusi imekaza. Tangu juzi mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba, jambo ambalo ni hasara kwa wavuvi na, lazima nikiri, ni faida kwa mradi, kwa kuwa mzee anayesimamia diko upande wa Likoni ametuahidi kwamba wiki ijayo tutakuta watu wengi wakishona nyavu.

Kimbunga amefanya hesabu nzuri leo. Mzunguko wa dunia hukipinda kitu kinachosafiri, na upindaji huo hupungua kadiri unavyokaribia ikweta mpaka ukafikia sifuri. Amekokotoa kwamba maji yaliyosukumwa na upepo kisha yakaachwa yajiendee yangehitaji takribani saa 12 kukamilisha duara moja karibu na ncha ya dunia, lakini katika latitudo ya Mombasa, nyuzi 4 kusini, yangehitaji takribani siku 7. Nguvu dhaifu namna hiyo haitoshi kuanzisha mzunguko wa kimbunga, na ndiyo maana vimbunga ni nadra sana kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za ikweta. Mafia iko karibu nyuzi 8. Nilimwonya asiseme "haiwezekani", kwa sababu kimbunga kilichokwisha kuzaliwa mbali chaweza kutuletea mawimbi na mvua bila chenyewe kufika, na mtu aliyeambiwa haiwezekani hatasikiliza onyo siku hiyo.

Wiki hii ni fupi kwa sababu ya Idi. Tutakutana tena baada ya sikukuu.

Alhamisi, 12 Juni

Tulivuka kwa feri saa mbili asubuhi tukiwa na karatasi kubwa tano zilizoviringishwa, kwa kuwa dikoni hakuna umeme wa kuwasha projekta. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua mchoro mmoja tu, auchapishe kwa ukubwa wa mlango, na auzungumzie bila slaidi nyingine. Tuliitundika michoro kwa vibanio kwenye kamba ya jarife iliyofungwa kati ya nguzo mbili za banda. Maji yalikuwa yanakupwa na ngalawa zimelala mchangani. Walikuwapo watu kama 20, wengi wao wakiendelea kushona nyavu, jambo lililowapunguzia wanafunzi woga.

Matumbawe alianza na akapita salama. Alieleza kwamba matumbawe hupauka yanapowafukuza viumbe wadogo wanaoyalisha na kuyapa rangi, na kwamba joto la ziada la digrii moja tu likidumu kwa majuma kadhaa hutosha. Alipotaja mwaka 1998, wazee walianza kuzungumza wao kwa wao kabla hajamaliza sentensi, wakikumbushana miamba iliyogeuka meupe. Aliwaacha wazungumze, na kwa kufanya hivyo alionyesha busara kubwa kuliko umri wake.

Baada yake alisimama Maji. Mchoro wake ulikuwa juma moja la bamvua ya mwaka uliopita, na kwenye mhimili wa chini ameandika "Saa za Afrika Mashariki". Alieleza kwa ufasaha kwamba mvuto wa mwezi hujaza bahari kila baada ya saa 12 na dakika 25, wa jua kila baada ya saa 12 kamili, na kwamba kila baada ya siku 14 au 15 viwili hivyo hukutana na kusukuma pamoja, hata maji ya Kilindini yakapanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, ilhali siku za maji mafu tofauti huwa karibu mita moja tu. Mzee mmoja aliweka sindano yake chini, akasogea hadi kwenye karatasi na kuweka kidole juu ya kilele kimojawapo.

"Mwanangu, hapa umeandika saa ngapi?"

"Kumi na tatu na nusu, mzee. Yaani saa saba na nusu mchana."

"Bamvua, ikajaa saa saba na nusu?" Aliwageukia wenzake. "Haya ni maji ya wapi? Ya Maskati?"

Watu walicheka, kisha mzee akaeleza kwa upole kwamba tangu alipoanza kushika kasia, bamvua ya Mombasa hujaa saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na kupwa saa nne au saa tano, na kwamba haijawahi kuwa vinginevyo. Maji alinitazama. Mimi nilitazama mchoro. Kipimo cha Kilindini kimehifadhiwa katika faili inayotumia saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa 3, naye aliandika jina la saa zetu bila kuzisogeza namba.

Nilidhani tumekwisha kupata aibu ya siku, lakini Upepo alikuwa bado. Mchoro wake ulikuwa ramani ya bahari kutoka Vanga hadi Lamu yenye mishale ya aina mbili, mwekundu kwa upepo na wa samawati kwa mkondo, mwezi wa Julai upande wa kushoto na mwezi wa Januari upande wa kulia. Tokeo lake kuu lilikuwa kwamba wakati wa kusi mkondo hukimbia kinyume cha upepo, na wakati wa kaskazi huenda nao pamoja. Hakuna aliyecheka safari hii. Kijana wa makamo, nahodha wa mashua, aliuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hiyo kusi yako yatoka Lamu?"

Mishale myekundu ya Julai ilikuwa inaelekea kusini.

Baadaye yule nahodha aliniambia, pasipo kunilaumu, kwamba kila mtu pale aliiona tangu karatasi ilipotundikwa, wakanyamaza kwa kuwa walidhani rangi nyekundu ina maana nyingine ya kisomi.

Vuli na Kimbunga walizungumza kwa haraka, jua likiwa limepanda. Vuli aliulizwa mbona mvua kubwa ya mwaka 1961 haimo kwenye mchoro wake. Jibu ni kwamba data yake inatokana na setelaiti na inaanzia mwaka 1981, lakini swali lilikuwa la haki, kwa sababu mwaka 1961 nao ulikuwa wa dipoli yenye nguvu. Na ndiyo, bei ya petroli iliulizwa.

Sisi wengine tulirudi na feri ya adhuhuri. Maji alikataa. Alichomeka mti mchangani na kubaki peke yake kuyasubiri maji, na jioni alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Kumi na nusu."

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimekaa na hao wawili, kila mmoja kwa zamu, na ninaandika kwa kirefu kwa sababu makosa haya hayatoki katika uvivu.

Kosa la Upepo limetokana na desturi mbili zinazopingana. Wataalamu wa hali ya hewa huutaja upepo kwa mahali unakotoka, na hivyo ndivyo Kiswahili kinavyofanya: kaskazi hutoka kaskazini, kusi hutoka kusini. Wataalamu wa bahari huutaja mkondo kwa mahali unakokwenda. Yeye alichukua mwelekeo wa upepo kutoka kituo cha hali ya hewa, ambapo nyuzi 180 humaanisha upepo utokao kusini, akauchora kama mshale unaokwenda kusini. Kisha akachukua mkondo kutoka chanzo kingine na kuuchora sawasawa. Mishale yake ya upepo imegeuka yote, na kwa kuwa imegeuka yote, ramani imeonekana yenye mpangilio mzuri na haikumtia shaka mtu yeyote, nikiwemo mimi niliyeipitia mara mbili na kuweka alama ya vema pembeni.

Baada ya kusahihisha, hali ni kinyume kabisa. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima mbele ya Mombasa. Kusi huusukuma kutoka nyuma na kuuongezea kasi, wakati kaskazi huupinga na kuudhoofisha. Katika miezi ya kaskazi mkondo wa Somalia nao hugeuka na kushuka kusini, na hiyo miwili hukutana huko mbele na kuelekea mashariki, baharini. Nahodha alikuwa amekwisha kutuambia hayo kwa njia yake: kwamba kusi na mkondo ni ndugu, na kwamba chombo kikielekea Malindi wakati wa kaskazi hupigwa na mawimbi mafupi yaliyosimama, kwa kuwa upepo na maji vinagombana. Upepo amelia kidogo, kisha ameomba apewe dakika 12 zile zile ili aeleze tokeo sahihi pamoja na jinsi lile la kwanza lilivyopatikana. Nimekubali bila kuwauliza wenzangu.

Kwa Maji hasara ni kubwa zaidi. Sura yake ya mwisho inahusu ongezeko dogo la maji lisiloelezwa na mwezi wala jua, ambalo lilionekana kutangulia upepo wa alasiri, naye alikuwa ameandika aya nzima kueleza kwa nini bahari inautangulia upepo. Baada ya kusogeza saa 3, ongezeko linafuata upepo kama mtu angetarajia, lakini ni dogo kiasi kwamba siwezi kumruhusu aliite tokeo. Sura imekufa. Kwa upande mwingine, amelipata swali zuri kuliko lile alilokuwa nalo: kwa nini bamvua ya Mombasa hushika saa zile zile mwezi baada ya mwezi? Jibu ameligundua mwenyewe ubaoni. Bamvua huja mwezi ukiwa mchanga au mpevu, na nyakati hizo mwezi hupita utosini karibu na saa sita ya mchana au ya usiku, sambamba na jua au mkabala nalo. Maji hujaa baada ya kuchelewa kwa muda uleule, na kuchelewa huko ni tabia ya bandari. Siku zinazofuata mwezi huchelewa kwa takribani dakika 50 kila siku, na maji nayo huchelewa, mpaka mwezi mwingine uandame. Yule mzee, kwa hiyo, hakuwa akikumbuka tu. Alikuwa na kipimo ambacho hakihitaji saa ya Greenwich.

Jumatatu, 16 Juni

Slaidi za Maji sasa ni 8. Mapazia yamepatikana kwa kuazima mashuka meusi. Vuli amechora miaka yote tangu 1981: uwiano upo, lakini nukta zimetawanyika, na ameondoa neno "kutabiriwa". Ametaka kujua kama mchoro mbaya zaidi utampunguzia alama. Nimemjibu kwamba mchoro wa kwanza ndio ungempunguzia.

Jumamosi, 21 Juni

Siku yenyewe. Ukumbi ulijaa kiasi, na wavuvi tisa walivuka kuja, wamevaa kanzu kama waendao nikaha. Mtunza muda wetu alikuwa na kengele ya mezani, na aliitumia bila huruma.

Kimbunga alizunguka na mkono wake na kugonga kipaza sauti. Matumbawe alikuwa bora katika uzungumzaji, kama nilivyotarajia. Vuli alijibu swali la mwaka 1961 kabla halijaulizwa. Maji alifungua kwa slaidi moja yenye saa tatu za ukutani: ya Greenwich ikionyesha 13:30, ya Nairobi 16:30, na ya tatu, kwa hesabu ya Kiswahili, saa kumi na nusu, akasema kwamba alisoma ya kwanza, akaandika jina la pili, na akasahihishwa na mtu aliyekuwa na ya tatu. Mzee wa sindano alikaa mstari wa pili na hakusema neno, ila alivuta kofia yake mbele.

Upepo alionyesha ramani zote mbili, ile mbaya kwanza, na kuwaomba wasikilizaji watafute kosa. Kwa nusu dakika walimu wenye shahada za uzamivu walitazama bila kupata, huku nahodha akiwa ameweka mkono mdomoni ili asilipue jibu. Mgeni mmoja kutoka chuo kingine alidai baadaye kwamba haifai kumwanika mwanafunzi namna hiyo. Sikubaliani naye, kwa kuwa hakuna aliyemwanika. Alichagua mwenyewe, na maswali aliyopata yalikuwa ya kina kuliko ya mwingine yeyote. Aliulizwa mkutano wa mikondo miwili husogea kiasi gani mwaka hadi mwaka, na akajibu kwamba kaskazi moja aliyoichunguza haitoshi kusema.

Jumatatu, 23 Juni

Yaliyobaki ni machache. Mhimili wa kila mchoro sasa unataja saa zinazotumika, na kila ramani ina mshale wa mfano wenye maneno "unakokwenda". Upepo anaongeza misimu mitano ya kaskazi kabla ya kukabidhi tasnifu. Maji amechapisha jedwali la kujaa na kupwa la miezi sita kwa hesabu ya saa za Kiswahili, lenye nafasi tupu pembeni ambapo wavuvi wataandika saa waliyoiona wenyewe, na nusu ya makaratasi hayo yamekwisha kutundikwa dikoni kwa vibanio vilevile. Mwezi utaandama keshokutwa. Alhamisi ya tarehe 26 maji yanatarajiwa kujaa kama saa kumi na nusu, nasi tumeahidi kuwa pale tangu saa tisa, kwa kuwa mzee amesema hataandika chochote kwenye jedwali mpaka Maji aje na ule mti wake.